Umeitwa Jina la Nani?

Kwa miaka mingi nililikana jambo hili mbele ya wakubwa wangu, mbele ya wenzangu, na mara moja mbele ya mchungaji: kwamba nilikuwa na mtoto niliyempenda kuliko wengine wote. Afisa wa watoto hatakiwi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Tulifundishwa hivyo chuo kikuu, nami nikafanya mtihani mzuri sana juu ya somo hilo. Watoto wote sawa, majalada yote sawa. Mngeniuliza wakati ule ningewajibu kwa sauti yangu ya ofisini kwamba Wangari wa Mukurweini ni jalada kama majalada mengine. Ungekuwa uongo. Nilijua hata alama zake za hesabu, na hazikuwa za kujivunia.

Sasa nimestaafu, magoti yangu yanatabiri mvua kuliko redio, na hakuna mtu aliyebaki wa kuniandikia barua ya onyo. Kwa hiyo nakiri. Nakiri kwenu ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii, maafisa wapya, walimu walio mazoezini, wanaojitolea kanisani, kwa sababu juzi mmoja wenu alinikuta Nyeri nikinywa chai akaniuliza, "Madam, siri ya kazi yenu ilikuwa nini?" Nikamjibu upuuzi fulani kuhusu sera. Aliandika yote, maskini. Namwomba ayafute asome haya.

Nilifika Nyeri na shahada ya sosholojia, viatu vya kisigino, na imani kwamba mtoto anayetumikishwa ataniambia mradi nimuulize kwa upole. Nilikuwa nikimketisha mbele ya meza yangu na kumuuliza, "Je, unatendewa vyema unakoishi?" Mtoto anasema ndiyo. Wote walisema ndiyo. Mimi naandika ndiyo, napiga mhuri, naenda kula chakula cha mchana nikiamini kwamba sehemu hizi za Mlima Kenya zina bahati ya ajabu.

Mkubwa wangu, Bwana Wafula, alinitazama kwa wiki kadhaa kabla ya kusema neno. Alikuwa mtu wa Bungoma aliyekaa kwetu muda mrefu hadi akaweza kulalamikia chakula chetu kwa Kikuyu. Siku moja akaniambia, "Madam Nyaguthii, wewe unauliza maswali kama daktari wa meno. Mtoto akikuona tu anafunga mdomo."

Yeye ndiye aliyenifundisha kumpa mtoto kazi ya mikono. Si kazi ya kumchosha. Kitu cha kuchezea vidole. Toeni minji kwenye maganda pamoja, chambueni mboga, kunjeni nguo za mtoto mchanga. Mtoto asiye na kitu mikononi anakuangalia wewe. Mtoto anayetoa minji anaangalia minji, na maneno yanatoka yenyewe. Tena msimuulize kama anatendewa vyema. Muulizeni mwalimu wake anaitwa nani. Mtoto anayesoma atakwambia jina la mwalimu, na jina la utani la mwalimu, na kwa nini anaitwa hivyo. Asiyesoma atanyamaza, au atakutajia mwalimu wa mwaka juzi.

Swali la pili nililigundua mwenyewe, na nililipenda kama watu wanavyopenda gari lao la kwanza.

Mnajua kwetu sisi Wakikuyu mtoto hachaguliwi jina. Binti wa kwanza anachukua jina la mama ya baba yake, wa pili anachukua la mama ya mama yake, na kadhalika, hadi ukoo mzima uingie shuleni upya. Sasa, kila mtu anayechukua mtoto wa wenyewe kumfanyisha kazi husema yeye ni shangazi. Sijawahi kukutana na aliyesema yeye ni jirani tu. Kwa hiyo nikawa namuuliza mtoto akiwa peke yake, "Umeitwa jina la nani?" Hakuna mtoto anayeliogopa swali hilo. Anajibu kwa furaha. "La cucu wangu, mama ya baba." Kisha namwendea yule anayejiita dada ya baba, namuuliza polepole kama mtu anayepiga soga, "Na mama yako wewe anaitwa nani?" Majina yakikataa kulingana, tunaanza mazungumzo mengine.

Swali hilo lilinifanya nijione mpelelezi, na mpelelezi wa aina hiyo huanguka vibaya. Tuliambiwa kwamba katika nyumba za wafanyakazi wa serikali kuna msichana ambaye haendi shule, anaonekana akianika nguo asubuhi. Nikaenda. Nikamkuta msichana aliyevimba shavu. Nikaandika: dalili za kupigwa. Nikamuuliza ameitwa jina la nani.

"La usiku," akasema.

Nikaandika: mtoto amechanganyikiwa. Nikamgeukia mwanamke wa nyumba ile nikamwambia kwa sauti kubwa, "Mama, huyu mtoto si wako." Dakika hiyo baba yake akaingia. Alikuwa polisi kutoka Siaya, amevaa sare kamili, na alikuwa na umbo la kujaza mlango.

Bwana Wafula alipokuja kunitoa pale alicheka hadi akaegemea ukuta. "Anaitwa Atieno," akasema akijipangusa macho. "Kwao mtoto anaitwa kwa wakati aliozaliwa. Alizaliwa usiku. Na shavu ni matubwitubwi, ndiyo maana hayuko shule. Madam, umetaka kumshtaki mama wa watu kwa sababu hakuzaa mchana! Na mimi je? Wafula ni mvua. Unanikamata lini?"

Nililipa deni hilo kwa kukaa na mama Atieno jioni nzima nikila samaki na kuomba msamaha kila nikimeza. Jifunzeni kwangu: chombo kizuri kina nyumba yake. Kabla ya kumuuliza mtoto swali lolote, jueni kwao wanaulizana nini.

Basi ndivyo nilivyokuwa, nimeungua kidogo, siku nilipotumwa Kagio.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi Mukurweini, Bwana Gachoki, alikuwa amelalamika kwamba mwanafunzi wake wa darasa la sita ameondoka kwenda "kusoma kwa shangazi" Kagio, na hakuna shule yoyote ya huko iliyowahi kumwomba barua ya uhamisho. Shikeni hilo pia. Mtoto anayehamia shule huacha mlango wazi nyuma yake. Kuna mtu atakayeandika, atakayepiga simu, atakayeuliza alama. Mtoto anayehamia kazini hupotea kimya.

Nilikwenda sokoni na mwenzangu wa upande ule wa Kirinyaga. Tulimkuta Wangari nyuma ya makreti ya nyanya, mtoto mchanga mgongoni, akichambua: ngumu za kwenda Nairobi huku, laini za kuuzwa leo kule. Mwanamke mwenye biashara, Mama Shiru, alikuwa mcheshi, mnene, mwenye sauti ya kuita wateja. Nikasema nimechoka, naomba kukaa kidogo. Nikakaa karibu na msichana nikaanza kuchambua pia.

"Hiyo si ya hapo," Wangari akaniambia bila kuinua macho. "Hiyo imeiva sana. Itapasuka njiani kabla ya kufika Makutano."

"Samahani."

"Na usifinye. Ukifinya inakuwa na alama ya kidole."

Nikaacha kufinya. Baada ya muda nikamuuliza ameitwa jina la nani.

"La cucu. Mama ya baba yangu. Ako Mukurweini, ako na ng'ombe moja. Baba alikufa." Akaweka nyanya laini upande wake. "Mama alienda Nairobi kutafuta kazi."

Nikamwendea Mama Shiru. Akasema bila kuulizwa mara mbili kwamba yeye ni dada ya marehemu baba yake Wangari, tumbo moja.

"Na mama yako anaitwa nani?"

"Nyambura," akasema haraka. Kisha akaniona usoni. "Ati nini? Kwani jina ya mama yangu imefanya makosa gani?"

Mambo yakatoka. Hakuwa shangazi. Walisali kanisa moja na cucu, na siku moja baada ya ibada alimwambia, nipe huyu nikusaidie, atasoma huko. "Na nimemsaidia!" akasema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Muulize. Anakula. Anavaa. Hii rinda ni nani alinunua? Kwani nimempiga?"

Hakuwa amempiga. Nawaambieni hili kwa sababu mtatarajia kukutana na mashetani, nanyi mtakutana na watu kama Mama Shiru, ambao wangekukaribisha chai na kukupa nyanya za kubeba. Alikuwa amemchukulia mtoto yule asubuhi zake zote, na hakuona amechukua kitu.

Alionywa mbele ya chifu, akaomba msamaha vizuri sana, karibu chifu amfariji.

Tukiwa njiani kurudi Mukurweini, Wangari aliniuliza, "Madam, ulijuaje anadanganya?" Nikamweleza habari ya majina. Akalichunguza jambo lile kila upande kama nyanya.

"Kwa hivyo mtu akisema ni shangazi, mimi namuuliza jina ya mama yake."

"Ndiyo."

"Na kama si Mkikuyu?"

Nikamsimulia yaliyonipata kwa Atieno, pamoja na shavu na polisi. Sikukusudia kumsimulia. Alicheka hadi akapatwa na kwikwi, akasema, "Na wewe ulisoma yunivasiti!" Hapo ndipo jalada lilipogeuka mtoto, nami nikaanza kukana.

Sasa njooni kwenye kosa ambalo karibu liharibu kila kitu, na ambalo naona bado mnalifanya. Tulimrudisha shuleni. Kikundi cha akina mama kilimshonea sare. Nikahutubia wazazi kuhusu umuhimu wa elimu, hotuba nzuri, nikapigiwa makofi. Kisha Bwana Gachoki akanipigia simu: mtoto anachelewa, au haji kabisa.

Nikaenda kwa cucu nikiwa nimejaza maneno mdomoni. Nikaanza kuhutubia tena. Cucu Wangari, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha manjano kichwani, alinisikiliza akiwa amesimama na panga la kukatia majani ya ng'ombe. Nilipovuta pumzi akasema, "Umemaliza? Basi maziwa itapelekwa na nani?"

Sikuelewa. Akanionyesha bonde. Kituo cha kukusanyia maziwa kiko upande ule, shule iko upande huu. Maziwa hupokelewa asubuhi, saa zile zile kengele inapolia. Miguu ya cucu haiwezi kushuka kile kilima na kupanda tena. Ng'ombe yule ndiye chumvi, sukari, mafuta ya taa na kila kitu. Mtoto alikuwa akichagua kila siku kati ya kusoma na kula, na mimi nilikuwa nimemletea makofi.

Nilimtafuta Kariuki, jirani mwenye boda boda, aliyepita njia hiyo kila asubuhi hata hivyo. Alikataa, akasema maziwa yakimwagika kwenye kiti, abiria watamkimbia. Tukabishana getini kwake hadi mkewe akatoka kutuambia tunaamsha mtoto. Mwishowe wakakubaliana na cucu juu ya mkungu wa ndizi kila zikikomaa. Wangari akawa anampelekea mtungi getini akienda shuleni, na Kariuki anaurudisha jioni. Tangu hapo alikosa shule mara chache sana. Sera nzima ya elimu, ndugu zangu, ilikuwa imening'inia kwenye mtungi mmoja wa maziwa. Mkienda nyumba yoyote ulizeni kwanza: asubuhi hapa kuna kazi gani, na itafanywa na nani mtoto akiondoka?

Nilidhani tumemaliza. Lakini Mama Shiru hakuacha kuja. Alikuja na mkate, alikuja na sukari, alikuja na rinda jipya. Cucu alimpenda, alikuwa mtu wa kanisa, na wageni wake wengine walikuwa mimi na ukame. Bwana Wafula akaingiwa na wasiwasi. Kulikuwa na makao ya watoto Nyeri yenye vitanda vizuri na mfadhili, na nafasi moja ilikuwa imepatikana.

"Makao yana ukuta," akaniambia. "Huyu mama hawezi kupita kwenye ukuta. Kwa cucu kuna ua wa michongoma wenye mapengo."

"Ana nyumbani. Ana shule. Ana mtu wake."

"Ataenda, Madam. Rinda la tatu, ataenda. Ni mtoto."

"Hataenda."

Akanitazama. "Wewe unampenda huyu msichana. Ndiyo maana huoni vizuri."

"Hapana," nikasema. "Nafuata kanuni."

Usiku nilijiuliza kama alisema kweli, kwamba nilikuwa namweka hatarini kwa sababu nilipenda jinsi alivyonicheka. Ikakubaliwa tukutane ofisini kwa chifu tuamue: Bwana Wafula, mimi, cucu, na mwalimu mkuu.

Asubuhi ya siku hiyo Bwana Gachoki alichelewa. Nikakasirika kimoyomoyo, sauti yake ndiyo niliyoitegemea. Badala yake akaingia cucu, peke yake, anahema, kitambaa kimeteleza shingoni.

"Wangari hayuko," akasema.

Akaketi, akasimama, akaketi tena. Mama Shiru alikuja jana jioni, cucu akasema, mvua ikamkuta, akalala. Alikuwa na kasichana kadogo kalikombebea mkoba. Kalilala kitanda kimoja na Wangari. Asubuhi cucu alikamua, akaacha maziwa mlangoni, akaenda kukata majani. "Nikarudi, nyumba ni tupu. Mama Shiru hakuna. Kale kasichana hakuna. Wangari hakuna. Hata mtungi ya maziwa wameenda nayo!"

Chifu akatikisa kichwa. Bwana Wafula hakusema, "Nilikwambia." Angesema ningemchukia, na ingenisaidia. Aliniwekea tu mkono begani, kisha akaanza kuzungumza na chifu kuhusu kuwaarifu polisi wa Kagio na kumtafuta msichana apelekwe moja kwa moja Nyeri, kwenye ukuta. Mimi nilitazama sakafu. Niliona nyanya. Niliona alama ya kidole changu juu yake.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa simu ndogo ya tochi, mojawapo ya zile za wakati ule ambapo simu hazikuwa na akili na sisi ndio tuliotakiwa kuwa nayo. Bwana Gachoki.

"Mwalimu, umechelewa," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya ofisini tena.

"Najua, Madam. Niko na wageni hapa ofisini. Ngoja uongee nao."

Kukawa na kelele ya simu kupitishwa mkononi. Kisha: "Madam? Ni mimi."

Nikaweka spika. Nikaiweka simu juu ya meza ya chifu.

"Uko wapi, Wangari?"

"Shule. Si nimekuja shule?" Alishangaa kuulizwa. "Niko na Njoki. Yule Mama Shiru alikuja naye. Ni mdogo, Madam, hata meno ya mbele hana. Alikuwa anaogopa kulala. Tukaanza kukunja nguo, nikamuuliza ameitwa jina la nani. Akasema la cucu yake wa Embu, mama ya baba. Na Mama Shiru alimwambia akiulizwa aseme yeye ni shangazi, dada ya baba. Na mama ya Mama Shiru si ni Nyambura? Sasa inawezekana aje?"

Chifu alikuwa ameinama juu ya simu kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi.

"Mama Shiru yuko wapi?" Bwana Wafula akauliza.

"Sijui. Tulitoka akiwa bado analala. Pengine aliamka akaona hatuko, akaogopa. Njoki anakunywa uji hapa. Mwalimu amempatia penseli. Anasema hajaingia shule tangu wafunge, na mwalimu wake anaitwa Mrs. Bata kwa sababu ya kutembea."

Cucu alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akijipangusa kwa kile kitambaa cha manjano.

Bwana Wafula akaifunika kalamu yake, akairudisha mfukoni polepole. Hakuna aliyezungumzia ukuta tena, siku hiyo wala baadaye. Akaninong'oneza, "Madam, sasa sema ukweli. Unampenda."

"Hapana," nikasema.

"Madam?" Wangari akaita kwenye simu. "Bado uko hapo? Mwambie cucu asitafute mtungi. Maziwa niliyaachia Kariuki tukipita."